Kukataliwa na kichujio cha picha: kosa si lazima liwe lako

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba ulitaka kufuta nguzo iliyosimama nyuma ya mwogeleaji aliyevaa vazi la mashindano, programu ya akili bandia ikakujibu kuwa ombi lako linakiuka kanuni za matumizi, na sasa unauliza kama umeandika jambo baya bila kujua na kama akaunti yako iko hatarini. Nimesafisha na kurekebisha picha za watu kwa miaka mingi, na tangu zana hizi zilipoingia nimekataliwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Hukuandika baya lolote. Kichujio, yaani mfumo unaokagua maombi na picha, kinaweza kulizuia ombi katika hatua tatu, na mara nyingi ujumbe wa kukataa huwa ni uleule kwa zote. Hatua ya kwanza ni maneno yako: niliwahi kuandika “ondoa doa la damu kwenye shati” kwa picha ya mchezaji aliyeumia pua, nikakataliwa, lakini nilipoandika “doa jekundu” kazi ikafanyika mara moja. Ya pili ni picha unayoipeleka. Ya tatu, ambayo wengi hawaijui, ni matokeo yenyewe: programu hutengeneza kipande kipya, kisha hukikagua kabla ya kukuonyesha, na kisipopita hukitupa. Ndiyo maana wakati mwingine unasubiri hadi mwisho, kisha unaambiwa hapana. Kama eneo ulilolichagua liligusa bega au paja la mwogeleaji, modeli, yaani akili bandia inayotengeneza picha, hutazama kilicho jirani na kukisia kuwa panapokosekana pajazwe ngozi zaidi, nawe unahukumiwa kwa kitu ambacho hukukiomba wala hukukiona.

Kichujio hakina namna ya kusoma nia. Kinaipa picha alama, kwa kawaida kati ya 0 na 1, inayoonyesha inafanana kiasi gani na picha zisizofaa kilizofundishwa, na mwenye huduma ndiye anayeamua alama ya kuanzia kuzuia. Akiiweka chini, anawanasa wabaya wengi zaidi pamoja na umati wa wasio na hatia. Chukua mfano wa hesabu tu: huduma ikipokea picha halali 1,000,000 kwa siku na kichujio kikakosea katika 1 kati ya kila 100, picha 10,000 za watu waaminifu zitakuwa zimekataliwa siku hiyo kana kwamba zimevunja kanuni.

Tena ukali huo hauenei sawasawa. Stable Diffusion, modeli inayochora picha kutokana na maneno, ilipotolewa kwa umma mwaka 2022, kichujio chake kiligeuza picha zilizokataliwa kuwa nyeusi tupu, bila kueleza kilichozuiwa. Watafiti waliokifumua mwaka huohuo walikuta kinalinganisha kila picha na dhana 17, zote za mambo ya ngono, huku picha za ukatili zikipita bila kuguswa. Februari 2023 gazeti la The Guardian la Uingereza lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa zana za kampuni kubwa huziona picha za wanawake kuwa za kuchochea ashiki kuliko za wanaume walio katika hali zinazofanana. Miongoni mwa picha zilizojaribiwa ilikuwamo ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani inayoonyesha jinsi daktari anavyochunguza titi, na zana moja ilidai kwa uhakika wa asilimia 82 kwamba ni picha ya ngono waziwazi.

Habari hiyo ilinigusa kwa sababu jambo la namna hiyo lilinipata. Mwanamke mmoja aliyeondolewa titi kwa ajili ya saratani alipigwa picha akiwa ameketi kando ya dirisha, kovu lake likiwa wazi, kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Aliniomba nisiliguse kovu hata kidogo; alichotaka kiondoke ni soketi ya umeme iliyokuwa ukutani nyuma yake. Programu ilikataa. Nikabadilisha maneno, ikakataa. Nikaacha nafasi ya maelezo wazi, ikakataa tena, kila mara kwa sentensi ileile iliyodokeza kuwa nimeomba uchafu. Nilipolazimika kumweleza kwa nini kazi inachelewa, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mashine imeona aibu kwa niaba yake. Sikuwa na jibu. Soketi niliifuta kwa mkono, kwa kunakili vipande vya ukuta, na ukuta ule ulikuwa na kivuli cha pazia kilichonigharimu jioni nzima.

Sisemi haya ili vichujio vifutwe, maana vimewekwa kwa sababu nzito. Mwaka 2019 ilitolewa programu iliyoitwa DeepNude, ambayo kazi yake ilikuwa kuvua wanawake nguo pichani, na ingawa ilisitishwa baada ya siku chache, nakala zake zilikwisha kusambaa. Januari 2024 picha bandia za ngono za mwanamuziki Taylor Swift zilienea mitandaoni na kutazamwa na mamilioni ya watu. Mei 2025 Marekani ilipitisha sheria inayozitaka huduma za mtandaoni ziondoe picha za aina hiyo ndani ya saa 48 baada ya aliyedhalilishwa kulalamika. Kampuni inayoogopa kuwa chombo cha udhalilishaji huo ina haki ya kuogopa. Ninacholaumu ni kumnyima mtu sababu na kumnyima pa kukata rufaa: angalau itaje kama kilichokataliwa ni maneno, picha au matokeo, na pawepo binadamu wa kuitazama upya kazi ya mtu anayeomba kufuta nguzo.

Sasa tuje kwenye picha yako. Usiendelee kubofya ombi lilelile mara kumi, kwa sababu masharti ya huduma nyingi yanairuhusu kampuni kusimamisha akaunti inayoonekana kurudia makosa. Kukataliwa mara moja au mbili ni jambo la kawaida na mimi sijawahi kufungiwa kwa hilo. Punguza eneo unalolichagua libaki kwenye nguzo tu, mbali na ngozi, na uandike unachotaka kionekane pale, kwa mfano “anga na maji”, badala ya kuacha nafasi ya maelezo wazi. Isipokubali, tengeneza nakala ya picha, mfunike mwogeleaji kwa rangi moja ya kijivu, fanya kazi ya mandharinyuma, kisha mrudishe kutoka kwenye picha ya awali akiwa katika tabaka la juu, yaani safu inayowekwa juu ya picha nyingine. Njia hii haibadilishi mwili wa mtu, na kwa kazi ya kubadilisha mwili wa mtu bila ridhaa yake mimi sitoi msaada wowote.

Kwa nguzo moja, hata hivyo, huenda usihitaji kupeleka picha kwenye seva (kompyuta ya mbali) ya mtu yeyote. Photoshop ina ujazaji unaozingatia maudhui ya picha tangu 2010, GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, ina programu-jalizi (nyongeza ndogo) iitwayo Resynthesizer, na modeli ya LaMa ya mwaka 2021 inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta yako, wala haihitaji maneno yoyote. Unapaka rangi juu ya kitu, nayo inajaza. Ningeanza na LaMa, na pale nguzo inapokutana na bega lake ningekuza picha na kumalizia kwa stempu ya kunakili, zana inayohamisha kipande cha picha kutoka sehemu moja hadi nyingine, nikitumia brashi ndogo yenye kingo laini.