Funguo za arei kwenye seva: mwandikie atakayeshika kazi baada yako

Nafanya kazi Mtwara mjini, na kazi nyingi zinazonifikia ni mifumo midogo ya vyama vya msingi: usajili wa wakulima, mzani wa korosho, stakabadhi za ghala, malipo baada ya mnada. Karibu yote imeandikwa kwa PHP, lugha ya programu inayoendeshwa kwenye seva. Nikikabidhiwa mfumo wa mtu mwingine, kwanza nasoma majina ya funguo za arei, yaani majina yanayotambulisha kila thamani ndani ya orodha ya data. Hayo hunionyesha mapema kazi itakuwa nyepesi au nzito.

Mfumo mmoja niliokabidhiwa ulikuwa na uzito wa gunia lile lile kwa majina manne. Fomu ya karani wa mzani iliuita 'Kilo', skripti ya ghala 'uzito', ripoti 'weight', malipo 'kg'. Kwenye funguo za arei PHP inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo hata 'Kilo' na 'kilo' ni funguo mbili. Ukiweka thamani kwenye ufunguo ambao haupo, haikuulizi kitu, inauunda hapo hapo. Ukisoma ufunguo ambao haupo, unapata null (yaani hakuna thamani) pamoja na onyo, na onyo hilo kwenye seva huishia kwenye faili la kumbukumbu ambalo mara nyingi hakuna anayelifungua. Null ukiizidisha kwa bei, jibu ni sifuri. Mkulima aliyesubiri msimu mzima anasomewa malipo ya sifuri, na karani ndiye anayelaumiwa.

Mimi nashikilia mtindo mmoja: herufi ndogo tupu, maneno yakiunganishwa kwa kistari cha chini. 'namba_ya_mkulima', 'daraja_la_korosho', 'tarehe_ya_mnada'. PHP yenyewe inakusukuma huko, kwa sababu jina la sehemu ya fomu likiwa na nukta au nafasi, seva inalibadilisha kabla halijakufikia: 'uzito.kg' utaikuta kwenye $_POST, arei ambamo PHP huweka data ya fomu, kama 'uzito_kg'. Kistari cha kawaida nacho kiache. Data ile ile ikifika kwenye JavaScript, lugha ya upande wa kivinjari, ukiandika mkulima.jina-kamili itasomwa kama hesabu ya kutoa.

Kipimo kiwe ndani ya jina. 'bei' peke yake ni bei ya nini, ya kilo au ya gunia? Andika 'bei_kwa_kilo_tsh'. Korosho hupimwa ikiwa ndani ya gunia, basi weka 'uzito_na_gunia_kg' na 'uzito_halisi_kg', usimwachie mwenzako abahatishe. Jina refu halimwumizi mtu.

Sasa namba za wanachama, ambazo ndizo zinanisumbua kuliko yote. Watu hupenda kutumia namba ya mwanachama kama ufunguo wenyewe, na inaonekana sawa kabisa. Lakini PHP ikiona ufunguo wa maandishi '1042', inaugeuza kuwa namba kamili 1042. '0042' inabaki maandishi, kwa sababu inaanza na sifuri. Tayari arei moja ina funguo za aina mbili. Uchukue orodha ya ghala la Masasi na ile ya ghala la Tandahimba, uziunganishe kwa array_merge: funguo za maandishi zinabaki, zile za namba zinahesabiwa upya kuanzia 0. Mwanachama 0042 yupo mahali pake, mwanachama 1042 amekuwa 0 au 1 au 57, na hakuna kosa lolote linaloonyeshwa. Namba za simu zinazoanza na 255 bila alama ya kujumlisha zinakumbwa na jambo hilo hilo kwenye seva ya biti 64.

Dawa yake ni kuanza ufunguo kwa herufi: 'mkulima_1042'. Hapo ni maandishi daima, na yeyote anayeusoma anajua ni namba ya nani. Alama ya + nayo huunganisha arei bila kuhesabu funguo upya, ila ufunguo ukiwa pande zote mbili inabaki thamani ya upande wa kushoto. Mimi bado naamini kiambishi, ile 'mkulima_' ya mwanzoni.

Kuhusu lugha, chagua moja kwa mfumo mzima. Napendelea Kiswahili, kwa kuwa makarani wakinipigia simu husema gunia, daraja, ghala, nami nayakuta maneno hayo hayo kwenye msimbo. Uzingatie tu wingi: ukianza kuandika 'mku', kihariri cha msimbo hakitakupendekezea 'wakulima'. Basi amua mapema kwamba rekodi moja ni 'mkulima' na orodha ni 'wakulima', uandike hivyo kila mahali.

Kama mfumo tayari unatumika na majina yamechanganyika, usiyabadilishe katikati ya minada. Tengeneza faili moja lenye majina yote kama konstanti, yaani thamani zisizobadilika. Mahali pa kusomea ruhusu yote mawili, jipya na la zamani (alama ya ?? huenda kwa linalofuata la kwanza likikosekana): $d['uzito_kg'] ?? $d['Kilo'] ?? null. Mahali pa kuandikia tumia jipya peke yake. Thamani ikitoka null, simamisha malipo ya mkulima huyo, umjulishe karani. Kila ufunguo wa zamani unaposomwa, andika mstari kwenye faili la kumbukumbu, na safari hii lisome mwenyewe. Msimu ukifungwa na malipo yote yakawa yametoka, angalia ni simu ya karani gani bado inatuma 'Kilo', iwekee toleo jipya, ndipo ufute lile jina la zamani.