Harusi ya ufukweni Mwanza: hesabu nauli, kisha ulizia mwezi

Mwezi huu watu watatu wameniandikia swali lile lile: tunaishi Dar, tunataka kufunga ndoa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, tuanzie wapi? Wawili wametuma na picha ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa ziwani pale Mwanza, kana kwamba silijui. Hakuna aliyetaja wageni wangapi wana nauli.

Mimi niliolewa huko, upande wa Ilemela, Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 2025. Mume wangu ni Mpare wa Same, mimi nimekulia Tabata, ila kwa mama ni Sengerema. Maana yake ni kwamba ukiondoa ndugu wa mama, karibu kila mtu alikuwa anatoka mbali.

Harusi zetu zinasimama kwa michango. Kamati inakaa, kadi zinagawiwa, ahadi zinaandikwa, mhazini anakumbushia kwenye kundi la WhatsApp mpaka watu wanaanza kujitoa mmoja mmoja. Anayechangia harusi ya Dar anajua atakula, atakunywa, atacheza na saa nane usiku atakuwa kitandani kwake. Sasa mwambie achangie vilevile, halafu ajisafirishe zaidi ya kilometa 1,100, alale gesti siku mbili, anunue na sare. Atakujibu "tuko pamoja" na siku ya siku hutamwona.

Kikao cha kwanza nilisema: anayekata tiketi ya Mwanza amekwisha kuchanga, asidaiwe. Mjomba, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti, aliweka kalamu mezani.

"Na sahani yake italipwa na nani, malaika?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Tulibishana vikao viwili. Mwisho tukakubaliana send-off ya Dar ndiyo iwe kubwa, waliochanga wale na kucheza huko, na Mwanza iwe shughuli ndogo. Orodha ya watu 340 ikashuka hadi 110. Wapo wafanyakazi wenzangu walionuna, na mmoja hajanisamehe mpaka leo. Kama huwezi kubeba kununiwa, fungia harusi yako Sinza na Mwanza uende fungate.

Tarehe ya kwanza niliichagua vibaya. Nilitaka 23 Agosti kwa sababu za mshahara tu. Tulipokwenda kukagua eneo, mzee mwenye eneo, aliyevua dagaa miaka mingi kabla ya kuingia kwenye biashara ya ukumbi, hakuniuliza idadi ya wageni wala rangi za mapambo. Aliuliza, "Ng'wanawane," yaani mwanangu kwa Kisukuma, "umeangalia mwezi?"

Nilidhani ni mambo ya mila. Kumbe ni mambo ya wadudu. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoonekana kwa mbali kama moshi unapanda juu ya maji, huibuka kwa wingi zaidi siku za mwezi mwandamo, usiku ukiwa wa giza, na wakifika nchi kavu wanafuata taa. Hawaumi. Wanaingia tu kwenye supu, kwenye keki, kwenye nywele za bibi harusi na kinywani mwa MC. Tarehe 23 ilikuwa mwezi mwandamo wenyewe, na tarehe 9 ilikuwa mbalamwezi. Tukahamia tarehe 9, na bahati ikatuangukia kwamba Nane Nane ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo watu wa Dar walisafiri bila kuomba ruhusa kazini. Hata hivyo mzee alitufungia taa za njano badala ya nyeupe, na ile moja kali akaitundika mbali kabisa, kwenye kona ya jenereta, ili wadudu wakifika wapokelewe kule.

Jambo jingine alilotufundisha ni upepo. Safari ya kwanza tulifika saa 4 asubuhi na ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya kwenye beseni. Nikapiga picha, nikamtumia mpambaji, tukachagua vitambaa vyepesi na tao la maputo. Siku ya harusi, kufika saa 9 alasiri, upepo ukaanza kutoka ziwani kuja nchi kavu, kama unavyofanya alasiri nyingi: ardhi imepata joto kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda juu na ya ziwani inavutwa kuja kuchukua nafasi yake. Mpambaji alikuwa mtu wa kumbi za ndani. Tao liling'oka na misumari yake, likapita juu ya meza ya wakwe, likatua majini. Vijana wawili waliingia na mtumbwi kulifuata, wakarudi nalo wakishangiliwa kuliko sisi maharusi. Kagua eneo saa ile ile utakayolitumia, na mpambaji umpeleke kwa miguu yake, usimtumie picha.

Ratiba pia usiichukue kama ilivyo kutoka Dar. MC wetu aliandika "picha za machweo, saa 12:20". Mwanza iko magharibi zaidi, na mwezi ule wa Agosti jua lake linazama karibu nusu saa baada ya lile la Dar. Saa 12:20 tulisimama juu ya mwamba tukikunja macho, jua bado liko juu na linachoma, chakula kinapoa. Lilizama karibu saa 1 kasoro dakika 5.

Kuhusu hiyo miamba: inapendeza, ila ni mawe ya kweli. Yanakwaruza gauni, na kisigino chembamba kinaingia kwenye ufa na kubaki. Nilivaa ndala chini ya gauni la harusi na hakuna aliyejua isipokuwa mjusi mmoja wa kichwa chekundu na mwili wa buluu aliyekuwa ameota jua pale pale nilipotakiwa kukaa. Mpiga picha alitaka tushuke tuingie majini miguu peku, kandokando ya matete. Nilikataa. Kichocho kipo Ziwa Victoria, na konokono wanaokibeba wanapenda hasa maji yaliyotulia yenye majani. Picha nzuri si sababu ya kumeza vidonge wiki chache baadaye.

Sasa nije kwa shangazi, maana ndiye aliyebadilisha ramani nzima.

Mpango wetu wa mwanzo haukuwa ufukwe. Ulikuwa kisiwa kidogo, wageni wavushwe kwa boti, maua kwenye boti, muziki kwenye boti. Nilimpigia shangazi Sengerema kumweleza. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Mama, mimi nitakuombea nikiwa nchi kavu." Mdogo wake alikuwemo ndani ya MV Bukoba, meli iliyozama ziwani humo tarehe 21 Mei 1996. Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto na sikulikumbuka hata kidogo nilipokuwa nachagua maua ya boti. Kanda ya Ziwa familia za namna hiyo ni nyingi, na baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama kule Ukara mwaka 2018 zikaongezeka. Kabla hujalipia kisiwa, wapigie wazee mmoja mmoja. Usiulize kwenye kundi, kwenye kundi hakuna anayesema anaogopa.

Tukaachana na kisiwa. Na shangazi, ambaye kwa miaka yote alikuja mjini kwa kivuko cha Kigongo–Busisi akiwa amefumba macho ndani ya basi, safari hii alipita Daraja la JP Magufuli, kilometa 3 za lami juu ya maji, lililofunguliwa Juni ya mwaka ule ule. Nilimuuliza aliliona ziwa. Alisema alifumba macho vilevile, mazoea.

Mengine kwa haraka. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio itolewe angalau siku 21 kabla, na kanisani kuna matangazo. Kama mnaabudu Dar na mnafunga Mwanza, barua za mchungaji zianze kufuatwa mapema, zinatembea polepole kuliko basi. Chakula msibebe ujuzi wa Dar. Sisi tulichukua sato wa vizimba, wale wanaofugwa ziwani, kwa sababu wanakuja saizi moja na idadi ya uhakika, ingawa bibi alionja akasema huyu kalishwa. Weka maji ya kunawa ya kutosha, hakuna anayemaliza sato kwa uma. Na badala ya kumlipa DJ saa za ziada, tuliita kikundi cha bugobogobo, wale wa kurusha majembe. Wapare walisimama kwenye viti.

Fungate tulikaa Sengerema kwa bibi. Tarehe 23 tulirudi Ilemela kumalizia deni la mzee, akatukaribisha chakula cha usiku pale pale ufukweni. Giza lilikuwa zito na ziwani kulikuwa na taa za wavuvi wa dagaa, mamia, kama mji mwingine umejengwa upande wa pili. Usiku wa harusi yetu hapakuwa na hata moja, mbalamwezi wavuvi hupumzika. Mume wangu alizitazama muda mrefu, akasema tungebaki na tarehe ile. Nikamsogezea bakuli lake la supu aone kilichokuwa kinaelea.