"Slim" au "skinny" kwenye bango la duka?

Habari dada. Umeuliza uandike "slim" au "skinny" kwenye bango la duka lako la nguo pale Makoroboi, Mwanza. Angalia kwanza: unamsifu mtu au unaeleza nguo? Mwembamba anayependeza ni "slim". Ukimwita "skinny" mara nyingi atasikia kwamba kakonda, mifupa imemtoka, na mteja huyo harudi. Ila jinzi inayobana mguu mpaka kifundoni ndiyo hiyo "skinny", wala haina ubaya. Na kwa wateja wa makamo kuwa na tahadhari hata na "slim": miaka ya 1980 wenzetu wa Rakai, ng'ambo Uganda, waliuita UKIMWI kwa neno hilohilo. Mama mtu mzima mwambie tu, gauni limekukaa vizuri.