Siku nne bila kidonge, na presha haijapanda

SWALI

Shikamoo mfamasia. Nina miaka 54, nauza vitenge hapa Morogoro. Presha yangu iligunduliwa miaka mitatu iliyopita, ikiwa 178/104. Natumia losartan miligramu 50 na amlodipine, ambayo mwaka huu wameipandisha kutoka 5 hadi 10. Tangu hapo miguu inavimba. Jioni nikivua ndala, kanda zimeacha mfereji kwenye nyama. Mwanangu amenisomea habari za Vioxx, na za vidonge vya valsartan vilivyoondolewa sokoni kwa kuwa na sumu. Imani imeniisha. Naona makampuni yanataka tumeze mpaka kaburini. Jirani ananiletea choya na unga wa mlonge. Nimeacha vidonge siku nne, na jana nimepima 134/84. Si niache moja kwa moja?

Msomaji, Morogoro

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hizo siku nne, maana ndizo zilizonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine.

Amlodipine haitoki mwilini upesi. Inachukua saa 30 hadi 50 kupungua nusu, halafu muda kama huo tena kupungua nusu ya iliyobaki. Kwa hiyo jana ulipofunga kile kitambaa mkononi, kidonge chako cha mwisho kilikuwa bado kazini. Ile 134/84 huwezi kuipa choya sifa yake. Nimewaona wengi kwenye kaunta yangu: mtu anaacha dawa Jumatatu, anapima Ijumaa, anashangilia, na kipimo kinarudi kabatini. Presha inarudi wakati hakuna anayeiangalia.

Baba yangu alipita njia hiyo hiyo. Alinunua chupa ya mizizi stendi, wiki ya kwanza tukampima, ikawa nzuri, tukafurahi naye. Wiki ya saba, asubuhi, kikombe cha uji kilimponyoka mkono wa kulia. Uji ukamwagika kwenye shuka, naye akawa anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Presha ilikuwa 210/120. Chini ya godoro tulikuta vidonge vya miezi miwili, karatasi moja tu ndiyo iliyotobolewa. Aliishi miaka sita baada ya kile kiharusi na hakufunga tena kifungo cha shati mwenyewe. Nilikuwa mfamasia tayari, na sikuwa nimemwuliza kwa nini hataki vidonge. Ndiyo maana wewe sikugombezi.

Tena mwanao hajakudanganya. Vioxx ilikuwa dawa ya maumivu ya viungo. Kampuni ya Merck, waliokuwa wakiitengeneza, waliiondoa Septemba 2004 baada ya utafiti kuonesha inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi, na mwaka 2007 walikubali kulipa dola bilioni 4.85 kumaliza kesi. Valsartan nayo, ambayo ni dawa ya presha, mwaka 2018 ilikutwa na NDMA, kemikali inayohofiwa kuleta saratani, iliyotokana na namna kiwanda kimoja cha China kilivyokuwa kikiitengeneza. Mtu akisoma hayo akashtuka, ana haki.

Lakini tazama kidonge kilichoko mkononi mwako. Vioxx ilikuwa mpya, ina mwenyewe, inapigiwa matangazo usiku na mchana. Amlodipine ni ya zamani. Hataza yake, yaani haki ya kampuni moja kuiuza peke yake, Marekani iliisha 2007, inatengenezwa na viwanda vingi na ni ya bei rahisi. Hofu ya valsartan ndiyo inayokuhusu zaidi, kwa sababu ile pia ilikuwa dawa ya bei rahisi. Basi nunua kwenye duka lililosajiliwa, na usitupe boksi: ile namba ya toleo iliyochapwa pembeni ndiyo inayowezesha dawa mbovu kufuatwa mpaka nyumbani kwa mtu. Mfuko wa mlonge wa jirani una namba gani ya toleo? Ukiwa mbovu, nani atakufuata kukuambia?

Choya siidharau, naipenda sana. Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha utafiti mwaka 2010: watu waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, namba ya juu ya presha yao ilishuka kama 7. Wale walikuwa na presha iliyopanda kidogo tu. Wewe ulianzia 178. Toa 7, uone umebaki wapi. Endelea kuinywa, bila sukari, pamoja na dawa, na daktari ajue. Kwenye unga wa mlonge simama kwanza: una madini ya potasiamu kwa wingi, na losartan huzuia potasiamu kutoka mwilini. Ikizidi, inavuruga mapigo ya moyo.

Leo rudia vidonge kama ulivyoandikiwa. Usimeze vya ziada kufidia siku zilizopita. Wiki hii hii nenda kliniki kwa ajili ya miguu, usingoje tarehe yako. Huo uvimbe amlodipine inajulikana nao, na kwenye 10 hutokea zaidi kuliko kwenye 5. Daktari akishajiridhisha kwamba moyo na figo ni salama, anaweza kukurudisha 5 na kupandisha losartan, au kukubadilishia kabisa. Dawa za presha ziko za aina nyingi. Hulazimiki kuvumilia hii.

Kuanzia kesho pima asubuhi kabla ya dawa, na jioni. Kaa dakika tano kwanza, mkono juu ya meza, pima mara mbili, andika kwenye daftari lako la mauzo ukurasa wa nyuma. Ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea au ulimi mzito, usisubiri hata saa moja, nenda hospitali.

Na siku ya kliniki omba kuonwa mchana, uende na zile ndala. Asubuhi miguu huwa imenywea, na daktari hatauona huo mfereji.