Ni kweli Thaddeus Stevens aliwahi kumtetea mwenye watumwa?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasoma sheria mwaka wa pili hapa Morogoro, nimepewa insha kuhusu Thaddeus Stevens, yule mbunge wa Marekani aliyepigania watu weusi, sasa mwenzangu darasani kaniambia eti alishawahi kusimama mahakamani upande wa mwenye watumwa na akashinda. Ni kweli au uzushi tu?

JIBU: Marahaba binti yangu. Ni kweli, mwenzako kasoma vizuri. Stevens alizaliwa Vermont mwaka 1792, mguu mmoja umepinda tangu kuzaliwa, baba akawaacha, mama ndo akahangaika nao mpaka kijana akamaliza chuo cha Dartmouth, halafu akahamia Pennsylvania akafungua ofisi ya uwakili mji wa Gettysburg.

Sasa hiyo kesi. Pennsylvania ilikuwa na sheria ya mwaka 1780, mtumwa akiletwa kutoka jimbo jingine akakaa pale miezi 6 basi yuko huru. Mama mmoja mtumwa, Charity Butler, akadai uhuru wake na wa watoto wake kwa sheria hiyohiyo, ila bwana wake wa jimbo jirani la Maryland akamchukua Stevens awe wakili wake, naye akajenga hoja kwamba miezi 6 lazima iwe mfululizo, huwezi kujumlisha siku za safari tofauti alizokuja na kurudi. Mwaka 1821 mahakama ya juu ya jimbo ikamkubalia, mama na wanawe wakabaki watumwa. Kisheria hoja ilikuwa kali, lakini mimi kila nikiisoma inanikaa kooni.

Baadaye akageuka kabisa. Akawa anawatetea watumwa waliotoroka bila kuwatoza hela, na mwaka 1838 jimbo lilipoandika katiba mpya iliyowanyima weusi kura, yeye alikuwa mjumbe na akagoma kuisaini. Akaingia Congress, yaani bunge la Marekani, 1849, akatoka, akarudi 1859 mpaka kufa, na wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, majimbo ya kusini yenye watumwa yalipoasi, ndo alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyotafuta hela za kuendesha serikali. Alisukuma sana Marekebisho ya 13 ya katiba ya Marekani yaliyofuta utumwa na ya 14 yanayosema aliyezaliwa Marekani ni raia, ndo hayohayo yanayowapa uraia watoto wa ndugu zetu wanaozaliwa kule leo.

Alitaka zaidi ya hapo, mashamba ya matajiri walioasi yachukuliwe, kila familia iliyotoka utumwani ipate ekari 40, maana aliona uhuru bila ardhi utawarudisha kwa mabwana walewale. Wenzake wakakataa. Hapo mimi namwona alikuwa sahihi na waliompinga walikosea vibaya.

Alifariki Agosti 1868, akazikwa Lancaster kwenye makaburi aliyoyachagua mwenyewe kwa sababu hayakuwabagua weusi.

Kwenye insha yako usiifiche ile kesi binti yangu, anza nayo, na jina la Charity Butler liandike kamili.