Waandishi wanne, mabano mamoja

SWALI: Msimamizi amenirudishia tasnifu, anataka mtindo wa marejeo wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la saba. Kitabu nilichonukuu kina waandishi wanne. Niwataje wote kila mara? Mbona amekata mji wa mchapishaji? Na mistari ya marejeo yangu inahamahama. – Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma

JIBU: Ndani ya matini, waandishi wakiwa watatu au zaidi, mtaje wa kwanza tu, tangu mara ya kwanza: (Juma na wenzake, 2018, uk. 45). Ukurasa ni lazima unaponukuu neno kwa neno. Kwenye orodha ya marejeo, hata hivyo, waandike wote wanne. Majina hufupishwa yakizidi 20 tu. Mji uliondolewa katika toleo hilo, lililotoka 2019. Mwongozo wa APA unaotaka mji utajwe ni wa zamani, uweke kando.

Mistari inahama kwa sababu umeisogeza kwa kitufe cha nafasi. Ukiongeza neno moja tu, yote huvurugika. Futa nafasi hizo, chagua marejeo yote, fungua mpangilio wa aya: mstari wa kwanza wa kila rejeo uanzie pambizoni, inayofuata iingie ndani sentimita 1.27.