Jibu: Kwa nini mkato wa Ctrl+D hautii katika Visual Studio Code

Ndugu, umeeleza kwamba uliipangia Ctrl+D kazi ya kunakili mstari kwenda chini, lakini kila ukibonyeza, Visual Studio Code, yaani kihariri chako cha kuandikia programu, bado kinateua neno jingine linalofanana na lile ulilolichagua. Nimeusoma kwa makini mstari ulioubandika kutoka faili la keybindings.json, linalohifadhi mikato ya kibodi uliyojipangia, na kosa liko kwenye sharti, yaani sehemu inayosema mkato ufanye kazi lini: umeandika editorTextfocus, ilhali jina sahihi ni editorTextFocus, lenye F kubwa. Herufi hiyo moja inatosha, kwa kuwa sharti lisilotambulika huhesabiwa kuwa halijatimia, na hapo kanuni yako huachwa na ile ya awali ikashika nafasi yake bila onyo lolote.

Ukisharekebisha hilo, hakikisha pia kwamba hakuna kanuni nyingine ya Ctrl+D chini ya hiyo, maana faili husomwa kuanzia chini kwenda juu na kanuni ya kwanza inayolingana ndiyo inayotekelezwa. Ukitaka kuona zote kwa pamoja, bonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+S, halafu utafute "ctrl+d".

Hata hivyo, kwa maoni yangu usiipoteze kazi ya awali ya Ctrl+D, kwani inafaa sana unapobadilisha jina la kigeu (jina linalobeba thamani katika programu) mahali kadhaa kwa mpigo. Kwenye Windows, kunakili mstari kuna mkato wake tayari: Shift+Alt pamoja na mshale wa chini.